Sensa imehesabu vichwa. Nani atahesabu hatua za kufika steji?

Muulize mtu wa Kawangware anakaa wapi. Mara nyingi atakujibu kwa nambari: "Niko 46," ama "Nashukia 56." Nambari ya matatu imegeuka jina la mtaa. Ukipandia tao, mat inapitia Valley Road na Hurlingham, inapiga kona zake, halafu konda anakushusha karibu na soko. Kutoka hapo, kwa wengi, si mbali kufika kwa plot.

Sasa muulize mtu wa Kibera. Atakutajia kijiji: Gatwekera, Lindi, Mashimoni, Silanga, Kisumu Ndogo, Laini Saba. Ukitaka kujua ushukie wapi ndipo hadithi inapoanza: "Shuka Olympic, teremka, vuka reli, halafu unipigie nikujie." Matatu zinakufikisha Kibera, ndiyo, lakini kuna Kibera ya barabarani na kuna Kibera ya ndani. Mwendo kati ya hizo mbili konda haujui, nauli haiujumuishi, na sensa haijawahi kuuliza habari zake.

Huo mwendo ndio nataka tuuongelee leo. Kwa miaka mingi tumepigana kuhusu swali la watu wa Kibera ni wangapi, tukasahau kuuliza hao watu wanatokaje nyumbani wakafika kazini, shuleni na hospitalini.

Milioni moja iliyoyeyuka

Kama ulizaliwa kabla ya mwaka 2000, bila shaka ulikua ukisikia kwamba Kibera ina watu milioni moja. Wengine walisema milioni mbili. Watalii walikuja na kamera kuona mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote Afrika, na hakuna aliyeuliza nani alihesabu.

Kisha ikaja sensa ya Agosti 2009. Matokeo yalipotoka mwaka uliofuata, Kibera ilikuwa na watu 170,070. Watu walishtuka. Wapo waliosema serikali imeficha wengine, wapo waliosema wakazi wengi hawakuwa nyumbani usiku ule. Malalamiko hayo si ya kupuuza, kwa sababu kuhesabu watu mahali ambapo mlango mmoja unaficha milango mingine sita si kazi ndogo. Lakini hata waliohesabu kwa njia nyingine hawakuikaribia milioni. Makadirio yaliyotumia picha za setilaiti mwaka 2009 yalipata takriban watu 200,000. Watafiti waliozunguka kijiji cha Kianda walihesabu watu 15,219, na kutokana na hapo wakakadiria Kibera nzima kuwa na kati ya watu 235,000 na 270,000.

Sensa ya 2019 ikaja na ramani nyingine. Kaunti ndogo ya Kibra ilipata watu 185,777, na ile ya Dagoretti, ambako Kawangware imo, ikapata 434,208. Nairobi nzima ilikuwa na watu 4,397,073. Usichukue hiyo 185,777 ukailinganisha moja kwa moja na 170,070 ya zamani, kwa sababu mipaka si ileile. Kaunti ndogo ya Kibra inabeba pia Woodley na mitaa mingine ya watu wenye geti na mlinzi.

Na hapo ndipo wastani unapotudanganya. Kwa hesabu za sensa, Kibra ina watu takriban 15,300 katika kila kilomita mraba, na Dagoretti takriban 14,900. Ukizisoma hizo namba ukiwa ofisini, utadhani Kibera na Kawangware ni mapacha. Lakini sehemu ya Kibera yenye vijiji vya mabati ina ukubwa wa takriban kilomita mraba mbili na nusu tu. Chukua zile 170,070 za sensa ya 2009, zigawe kwa 2.5, utapata watu 68,000 kwa kila kilomita mraba. Dagoretti nayo ina mashamba na maboma ya kule Waithaka na Mutuini, yanayopunguza wastani wa Kawangware. Namba moja inafunika maisha mawili tofauti kabisa.

India wanauliza swali gani?

Kuna kitu nilikutana nacho kuhusu India, nikakaa nikifikiria mtaa. Sensa yao ya 2011 ilihesabu watu zaidi ya bilioni 1.2, na nchi hiyo ina vijiji zaidi ya 640,000. Pamoja na kuhesabu watu, wana orodha ya huduma za kila kijiji. Kijiji kinaweza kuwa na watu mia tatu tu, mbali huko ambako hata wahindi wenyewe hawakijui, lakini kimeandikwa: basi la umma linafika au halifiki. Kama halifiki, orodha inasema lililo karibu liko umbali gani: chini ya kilomita tano, kati ya tano na kumi, au zaidi ya kumi.

Sisi pia tuna vijiji, hapa hapa katikati ya Nairobi. Sensa yetu ya 2019 iliuliza kama nyumba yenu ina baiskeli, pikipiki au gari. Lakini umbali kutoka mlangoni hadi steji haikuuliza.

Kabla hatujashangilia India sana, tuseme ukweli mwingine. Kipimo chao tukikileta Kibera kama kilivyo, Kibera itapata alama nzuri ajabu. Hakuna mtu wa Kibera anayekaa kilomita tano kutoka kwenye matatu. Katika orodha ya aina hiyo tungeandikwa "usafiri upo", karatasi ifungwe, watu waende chai.

Kwa hivyo kijiji cha mjini kinahitaji kipimo chake. Swali halifai kuwa kilomita ngapi. Liulize: dakika ngapi ukiwa umebeba mtungi wa gesi? Mvua ikinyesha, njia inapitika? Saa nne usiku, dada yako anaweza kuipita peke yake? Mgonjwa anaweza kutolewa bila kubebwa kwenye blanketi?

Fikiria hilo la mwisho. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta iko jirani na Kibera. Hospitali ya Mbagathi pia. Kwa ramani, mama mjamzito wa Gatwekera yuko karibu na daktari kuliko mamilioni ya Wakenya wengine. Lakini uchungu ukimshika saa tisa usiku, zile kilomita za lami si shida. Kazi iko kwenye mita mia chache za kwanza, ambako ambulansi haiingii, nduthi inateleza, na mtaro umekata njia. Moto ukizuka ni hadithi ileile. Gari la zimamoto linaishia barabarani, na vijana wanapambana na ndoo.

Kwa nini mat inaingia huku na haiingii kule?

Kawangware na Kibera zote ni mitaa ya watu wa kipato cha chini, na zote watu wake wengi wanategemea tao na mitaa ya kitajiri jirani kwa kazi. Lakini zilizaliwa tofauti.

Kawangware ilikuwa sehemu ya Dagoretti, ardhi ya mashamba ya familia iliyoingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi mwaka 1963. Shamba likagawanywa plot, plot ikajengwa vyumba vya kukodisha, na kati ya plot na plot ikabaki njia, hata kama ni nyembamba na ina matope. Mwenye ardhi anataka mpangaji, na mpangaji anataka kufika. Barabara kama Naivasha Road na Gitanga Road zinaugusa mtaa wenyewe.

Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa jeshi la kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye ardhi ya serikali. Jina lenyewe linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Sehemu kubwa ya ardhi ilibaki ya serikali, na aliyejenga pale alionekana mvamizi. Jamii ya Wanubi yenyewe ilingoja hadi Juni 2017 kupewa hati ya ekari 288. Sasa, serikali ikikuona mvamizi, haiwezi kukuchorea barabara, maana kukuchorea barabara ni kukubali kwamba upo. Hivyo vichochoro vikajitengeneza vyenyewe, upana wa mabega ya watu wawili.

Matatu nayo ni biashara. Tangu Mzee Jomo Kenyatta alipozihalalisha mwaka 1973, zimefuata abiria na lami. Mwenye gari hatavunja springi zake akufuate hadi mlangoni, hata mkiwa elfu sabini. Wingi wetu peke yake hauleti usafiri.

Hesabu ya mfukoni

Tufanye mfano. Kibarua wa mjengo analipwa shilingi 600 kwa siku. Nauli ni finje kwenda na finje kurudi. Hiyo ni soo, sehemu moja ya sita ya pesa yake. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 2,600, pesa ambayo ingemsaidia sana kulipa kodi ya chumba cha mabati. Mvua ikinyesha jioni, makanga anabadilisha wimbo bila haya: "Soo tao-mtaa, kama huna shuka!" Siku hiyo kibarua ametumia 150, robo ya jasho lake. Akifika steji usiku, na njia ya ndani ina giza, anaongeza ya nduthi.

Julai 2023 ushuru wa VAT kwenye mafuta ulipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na Septemba mwaka huo lita ya petroli ikapita shilingi 200 jijini. Unajua kilichofuata, maana uliulipa wewe.

Ndiyo maana wengi hawapandi kabisa. Amka alfajiri uone msururu unaofuata reli kutoka Kibera kuelekea Industrial Area. Amka uone akina mama na vijana wakitoka Kawangware kwa miguu kuelekea Lavington na Kileleshwa, kufua, kupika, kulinda, kuchanganya saruji. Tafiti za shirika la Japani, JICA, zilizofanywa kwa ajili ya mipango ya jiji, zimeonyesha kwamba zaidi ya safari nne katika kila kumi za Nairobi ni za miguu. Hao watu hawafanyi mazoezi. Wanaokoa nauli iwe unga.

Na jiji linawajengea nini? Mei 2022 ilifunguliwa Expressway ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ya kulipia, na anayetembea haruhusiwi kuikanyaga. Ngong Road ilipanuliwa, na hilo tuwe wa kweli, liliwasaidia hata wa matatu. Lakini sera ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 kuhusu usafiri wa miguu na baiskeli iliahidi kwamba asilimia 20 ya bajeti ya barabara itaenda kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Tembea kutoka Kawangware hadi Lavington wakati wa mvua, kisha uniambie hiyo asilimia 20 umeikanyaga wapi.

Barabara ilipokuja na tingatinga

Najua kuna atakayesema: lakini Kibera ilipelekewa barabara. Kweli. Asubuhi ya 23 Julai 2018, tingatinga ziliingia kufungua njia ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, mradi wa mamlaka ya barabara za mijini, KURA. Maelfu ya watu walipoteza nyumba siku hiyo, na shule zilibomolewa zikiwa na wanafunzi wa muhula huo. Mazungumzo kuhusu jinsi ya kuwahamisha wakazi yalikuwa bado hayajakamilika.

Leo magari yanapita pale, na baadhi ya wakazi waliobaki wamesogelewa na usafiri. Hakuna haja ya kulikataa hilo. Lakini jiulize barabara ile ilichorwa kutatua shida ya nani. Ilichorwa ili anayetoka Ngong Road afike Lang'ata bila kuzunguka kwenye foleni. Mtu wa Kibera alikuwa njiani tu. Swali la mpangaji lilikuwa "tutapitaje hapa?" Swali la mkazi ni "nitatokaje hapa?" Majibu yake hayafanani.

Na mfano wa jibu la pili upo. Kule Soweto East, mradi wa maji na usafi wa UN-Habitat na serikali ulijenga pia barabara ndogo ya kuingia kijijini. Si ya kwenda kasi. Ni ya gari la mgonjwa, mkokoteni wa maji, na mama mboga anayerudi na gunia kutoka sokoni. Njia iliyowekwa mawe, yenye mtaro uliofunikwa na taa mbili tatu, haihitaji mkopo wa mabilioni wala kubomoa kijiji kizima. Inahitaji mtu aliyeko ofisini ajue kwamba njia hiyo ipo na ni watu wangapi wanaipita.

Reli nayo tusiisahau. Treni ya abiria ya upande wa Kikuyu hupita Kibera na kusimama stesheni, na bado kwa wengi wetu reli ni njia ya kutembelea tu na kupanga vitu vya kuuza. Usafiri unaopita mlangoni mwako bila kukubeba unastahili kuulizwa maswali.

Nani ahesabu?

Sensa hufanywa kila miaka kumi, na inayofuata inatarajiwa 2029. Katiba, kifungu cha 89, inataka mipaka ya maeneo bunge ipitiwe kwa kuangalia idadi ya watu, kwa hivyo vichwa vitaendelea kuwa na maana. Kibra ilipata mbunge wake katika uchaguzi wa 2013 baada ya kutengwa na Lang'ata. Kawangware iko Dagoretti Kaskazini pamoja na Kilimani na Kileleshwa, yaani anayetembea na anayepeleka mbwa wake kwa gari wanashirikiana mbunge mmoja. Tukingoja wastani wa eneo bunge useme shida yetu, tutangoja sana.

Lakini si lazima tungoje 2029. Mwaka 2009, Kibera ilikuwa kama doa tupu kwenye ramani za intaneti. Vijana wa vijiji vyake walichukua vifaa vya GPS, wakazunguka, wakaweka shule, vyoo, zahanati na vichochoro kwenye ramani. Mradi huo uliitwa Map Kibera. Mwaka 2014, mradi wa Digital Matatus, uliohusisha Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya Marekani, ulitoa ramani ya njia zaidi ya 130 za matatu za jiji, na iliwezekana kwa sababu wanafunzi walipanda mat wakiwa na simu mkononi, wakarekodi kila steji. Kabla yao, jiji lilikuwa linaendeshwa na matatu na halikuwa na ramani kamili ya matatu.

Kinachokosekana ni kipande cha katikati: kutoka mlangoni hadi steji. Hicho tunaweza kukipima wenyewe. Simu unayosomea makala hii ina saa na ina ramani. Pima dakika zako asubuhi, pima usiku, pima siku ya mvua. Andika mahali mtaro umekata njia na mahali hakuna taa. Vijana ishirini wa wadi moja wakifanya hivyo wiki moja, wana karatasi ambayo MCA hana.

Halafu ipelekeni panapostahili. Kwa sheria ya fedha za umma ya 2012, makadirio ya bajeti ya kaunti yanapaswa kufika bungeni kufikia 30 Aprili kila mwaka, na umma lazima usikilizwe. Vikao hivyo mara nyingi vinajaa wazee na wanaofuata soda. Mkienda Sarang'ombe au Gatina mkasema "tunataka barabara", mtapigiwa makofi na kuahidiwa. Mkisema "kichochoro hiki, urefu huu, kinapitwa na watu hawa, hakipitiki siku za mvua, tunataka kiwe kwenye bajeti kwa jina," atalazimika kujibu ndiyo au hapana mbele ya watu.

Mimi nimeanza na kipimo changu cha kivivu. Kutoka mlangoni kwetu hadi steji ya 46, nikiwa na muziki masikioni, ni nyimbo mbili. Binamu yangu wa Gatwekera alijaribu wiki iliyopita: nyimbo tano kukiwa kukavu. Siku ya mvua aliacha kuhesabu, maana alivua viatu, akakunja suruali, na simu akaiweka mfukoni isilowe. Alifika kazini amechelewa, na mkubwa wake akamwambia, "Lakini wewe unakaa hapa tu Kibera."